Daftari la Steshenari

Baba mmoja wa Ileje alinipigia simu Oktoba ile akaniita tapeli. Hakusalimia. Alisema mwanawe ameletewa ujumbe unaomtaka abofye mahali, aandike namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, kisha apokee namba ya malipo. "Ile ya 'hela itume kwenye namba hii' imeshtukiwa, sasa mmehamia vyuoni?" Nikamweleza kwamba mimi ni mtumishi wa chuo, nipo Mbeya ofisini, na ujumbe ule ni wa kweli, ndio mwanzo wa maelekezo ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa njia ya mtandao. Akaniuliza ofisi yangu iko ghorofa ya ngapi. Nikamwambia jengo letu halina ghorofa.

"Nilijua tu," akakata simu.

Ujumbe ule niliutunga mimi. Mwaka wenyewe ulikuwa 2020. Vyuo vilifungwa mwezi Machi kwa ajili ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni, na katika miezi ile ya kukaa nyumbani kila mkubwa wa chuo alikuwa ameshaonja vikao vya Zoom viwili vitatu na kuvipenda. Ikaamuliwa kwamba mwaka mpya wa masomo uanze na maelekezo mtandaoni, wiki mbili kabla wanafunzi hawajafika, ili wiki ya kwanza isipotee ukumbini. Kazi nilipewa mimi, na sababu yake naijua: projekta ikigoma kuwaka, ndimi ninayeitwa.

Nikaichukua Moodle, mfumo wa bure unaotumiwa na vyuo vingi duniani, nikapanga moduli 14. Historia ya chuo. Muundo wa utawala. Kanuni za mitihani. Maadili na mavazi. Maktaba. Ukimwi. Rushwa. Mkuu alirekodiwa akikaribisha kwa dakika 22, nyuma yake bendera mbili na kalenda. Kitabu cha mwongozo nikakiweka kama kilivyotoka kwa mpiga chapa, kurasa 86 zenye picha za rangi, faili la MB 40 hivi. Kila moduli ikaishia na maswali matano, na aliyefaulu akapewa cheti cha kielektroniki chenye nembo. Nilikipenda kile cheti kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Nilikaa usiku kucha nikikipangia rangi.

Siku ya tano nikafungua ripoti ya mfumo. Upande wa kushoto majina, upande wa kulia, mstari baada ya mstari, maneno yaleyale: hajawahi kuingia.

Na mimi kabla ya kuwa mtumishi nilishawahi kuwa mwanafunzi mgeni. Mwaka 2008 nilitoka Tukuyu kwenda Iringa, basi likanishusha Ipogolo. Anayeijua Iringa anajua maana yake: barabara kuu inapita bondeni, mji wenyewe uko juu mlimani, na wewe uko chini na begi la shangazi kaja hujui daladala ipi inapanda. Mama aliyekuwa anauza ndizi akanisalimia kamwene, nikabaki namtazama. Miaka ile mji ulikuwa unajaa wanafunzi. Mkwawa, iliyokuwa sekondari, ilikuwa imegeuzwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Walutheri walikuwa na Tumaini tangu zamani, Wakatoliki nao wakiwa na Ruaha. Nilisoma katika chuo kimojawapo cha mji ule, nisikitaje kwa sababu ninayoisema ni habari yangu na njaa yangu.

Siku tatu tuliwekwa ukumbini. Wakubwa walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, wote kwa Kiingereza, wote wakianza kwa kutambua uwepo wa wenzao. Mmoja wao alizungumzia Bodi ya Mikopo, na katika maelezo yake kulikuwa na neno la kusaini. Nililisikia. Nikadhani linawahusu walio na matatizo. Mimi jina langu lilikuwa kwenye orodha, mkopo nilishapata, nisaini nini tena? Wenzangu wakapanga foleni mbele ya dirisha la ofisi ya mikopo. Mimi nikawapita nikielekea maktaba, nikiwahurumia. Siku za kusaini zikaisha. Fedha isiyosainiwa hurudishwa Bodi, na kuirejesha ni barua juu ya barua. Nilipiga pasi ndefu wiki nyingi za muhula ule: chai asubuhi kwa mwenzangu wa chumbani, ugali na maharage saa kumi jioni, basi.

Aliyenitoa gizani ni kaka wa mwaka wa pili aliyekuwa akilala kitanda cha juu. Jioni moja alinichukua tukatembea mpaka Kihesa na kurudi, akanionyesha pa kula kwa bei nafuu, steshenari inayopunguza bei ya kopi kwa wanaonakilisha kwa kundi, mhadhiri ambaye hapendi kuulizwa swali mlangoni, na namna ya kuandika barua ya kufuatilia fedha zangu. Akaongeza kwamba masika yakifika nisiwafuate wenyeji kwenye ulanzi nisioujua: mtogwa ni mtamu, hata mtoto anakunywa, lakini mkangafu utakulaza njiani. Hilo nalo halikuwemo katika hotuba.

Ningetegemewa basi kuyakumbuka haya nilipokuwa napanga moduli. Sikuyakumbuka. Mtu akishakaa miaka michache upande wa ndani wa dirisha la ofisi, foleni anaiona kama hali ya hewa.

Aliyenizindua alikuwa mlinzi wetu wa getini, mzee mstaafu wa jeshi. Nilipita asubuhi moja nikiwa na ile ripoti mkononi, nikamwamkia, akaniuliza kwa nini uso umekunjamana. Nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, hao watoto kila mwaka wanaanza na mimi. Kwani wewe umeniuliza wanachouliza?" Sikuwa nimemuuliza. Nikamwomba, kwa wiki ile ya kupokea wanafunzi, kila swali linaloulizwa getini alipigie mstari nyuma ya daftari lake la wageni.

Ijumaa nilipolichukua, swali lenye mistari mingi kuliko yote lilikuwa choo kiko wapi. Na kwa nini lisiwe hilo? Mtoto ametoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 barabarani, ameshuka stendi ya Nane Nane, amepanda bajaji na masanduku, anafika getini ana shida moja tu duniani. Moduli 14, kurasa 86, na choo hakimo. Lililofuata lilikuwa "nimelipa lakini mfumo unasema sijalipa." Kisha bima ya afya: lazima nilipe ile 50,400 wakati nina kadi ya mzazi? Kisha hosteli zikijaa ninalala wapi leo, siyo kesho, leo. Kisha wazazi, ambao mimi sikuwaweka kwenye mfumo kabisa: nikimwacha hapa, nani anamjua?

Lakini daftari la mlinzi lilinieleza kuhusu waliofika. Halikunieleza kwa nini hawakuufungua mtandao kabla ya kufika. Jibu la hilo nililikuta Tunduma.

Nilikuwa napitia orodha ya namba za simu za wanafunzi nikitafuta kosa, nikaona namba moja imejirudia zaidi ya mara thelathini. Majina tofauti, shule tofauti, simu moja. Nikaipiga.

"Steshenari, karibu."

Jumamosi yake nikapanda kosta. Mbalizi, Vwawa, vumbi, foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na simu yangu kabla hata sijashuka ikaanza kudaka mtandao wa upande wa pili. Steshenari yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Printa imefunikwa taulo kuzuia vumbi. Kitambaa cha bluu kimetundikwa ukutani cha kupigia pasipoti. Mashine ya kulaminetia, maboksi ya kalamu, na tangazo la mkono: TUNAOMBA MKOPO, TUNAOMBA CHUO, TUNAHAKIKI VYETI. Mwenyewe alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, aliyeishia kidato cha nne. Aliposikia natoka chuoni aliinuka, akanipa kiti chake, yeye akakaa juu ya rimu za karatasi.

Nikamuuliza kuhusu ujumbe wangu. Akacheka kwa aibu. "Kumbe ni wewe, mwalimu? Asubuhi moja simu imelia mfululizo, ujumbe uleule zaidi ya thelathini. Nikajua mtandao umechanganyikiwa, nikafuta." Na barua pepe? Zile zilifika salama. Yeye ndiye aliyewafungulia vijana anwani, kila mmoja ya kwake, maana fomu za siku hizi haziendi bila barua pepe. "Ila mtu huwa anakuja, analipa, ndiyo nafungua. Hizi hakuna aliyenilipa nizisome."

Akavuta kutoka chini ya mashine ya kulaminetia daftari la kaunta la kwaya tatu. Alikuwa amelichora mwenyewe kwa rula: jina, namba ya kidato cha nne, simu, barua pepe, nywila, chuo, mkopo, amelipa au bado. Miaka kadhaa ya vijana wa mpakani, mstari kwa mstari, mwandiko mmoja. "Nywila wanaisahau kabla hawajavuka hicho kizingiti," alisema. Nikiangalia vile vijisanduku nilijisikia baridi mgongoni. Siri za mamia ya watu, chini ya mashine, dukani pasipo hata komeo la maana. Bunge lilipokuja kutunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ikaanza kutumika Mei 2023, niliisoma nikiliona daftari lile. Lakini kumlaumu sikuweza, na mpaka leo siwezi. Sisi ndio tulioweka milango yote ndani ya kompyuta, kisha tukawaita watu wasio na kompyuta. Mtu wa kuwafungulia alilazimika kupatikana.

Mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa wino mwekundu. Nikauliza. Akasema alikosea tarakimu moja ya namba ya kidato cha nne ya binti mmoja. Namba hiyo ndiyo Bodi inamtambulia mwombaji, toka anapoomba mpaka anapoangalia akaunti yake ya SIPA kuona amepangiwa nini. Tarakimu moja, mkopo ukakosa mwenyewe. Binti alihangaika wiki kadhaa na mama yake alikuja pale dukani kila siku, hasemi kitu, anakaa tu kwenye benchi. Tangu hapo hapeleki fomu ya mtu mpaka mwombaji asome namba yake kwa sauti mara mbili, mara ya pili akianzia nyuma.

"Akianzia nyuma kwa nini?"

"Akianzia mbele anasema alichokariri. Akianzia nyuma anasoma."

Nimehudhuria warsha kadhaa za ubunifu wa mafunzo mtandaoni, nyingine hotelini na posho juu. Sijapata kusikia sentensi mbili zilizonisaidia kama zile.

Tulikaa mpaka jioni. Alinieleza namna inavyokuwa: mzazi anakaa kwenye benchi, kijana anasimama, yeye anachapa, na hakuna kati ya hao wawili anayetazama skrini. Wanatazama uso wake. Akikunja uso wanaogopa, akitabasamu wanatabasamu. Wakiondoka wana karatasi moja iliyochapwa, na karatasi hiyo huwekwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya sanduku. Cheti changu cha kielektroniki kilikuwa hakina pa kukaa katika nyumba za namna hiyo.

Mwaka uliofuata tulianza upya. Moodle haikufutwa, ilisogezwa mbele mpaka wanafunzi wafike, wawe na intaneti ya chuo na mtu wa kukaa nao maabara. Kabla ya hapo tukatuma vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa karatasi. Ukurasa mmoja, wenye nembo, saini na mhuri wa bluu, unaosema chuo kitakutumia ujumbe kutoka namba hii na hii tu, hakitakuomba utume fedha kwa namba ya mtu, malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali pekee. Tuliupeleka kwa steshenari tulizozipata kwa kufuata zile namba zinazojirudia, ukabandikwa ukutani. Natamani baba wa Ileje angeuona. Mhuri ndio ghorofa aliyokuwa akiitafuta.

Cha pili kilikuwa sauti. Vipande vya dakika tatu tatu, visivyofika hata MB moja, vinavyopita WhatsApp hata mahali ambapo mtandao unapatikana kwa kupanda kichuguu. Waliorekodi ni wanafunzi wa mwaka wa pili, kwa Kiswahili, kwa mpangilio wa safari: ukiwa nyumbani, ukiwa kwenye basi, ukifika getini, usiku wa kwanza, wiki ya kusaini. Kusaini nilikusimamia mwenyewe. Hata siku hizi ambapo vyuo vingi vinatumia alama ya kidole badala ya kalamu, bado kuna mtoto anayeipita foleni akiihurumia.

Hicho Kiswahili kilituletea mgogoro. Kikaoni, mzee mmoja ninayemheshimu alisema lugha ya kufundishia chuo kikuu ni Kiingereza na maelekezo ni sehemu ya mafunzo. Tukianza kuwabembeleza getini watatushinda darasani. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mwanafunzi aliyefaulu sekondari kwa kukariri Kiingereza huumbuka kwenye insha yake ya kwanza, na kumficha asilijue hilo si wema. Nilikuwa najiandaa kujibu kwa kirefu, katibu muhtasi aliyekuwa anaandika kumbukumbu akainua kichwa: "Samahani, mzee. Wewe mwanao alipoenda Dodoma, ulimwelekeza stendi kwa lugha gani?" Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka. Kanuni za mitihani zikabaki Kiingereza, kwa maandishi. Sauti zikabaki Kiswahili.

Nisije nikaeleweka kwamba mambo yalinyooka. Mwaka wa pili wa mpango huu sauti zilitugeuka. Za mwaka wa nyuma zilikuwa bado zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na ndani yake dada mmoja mwenye sauti nzuri anataja tarehe ya mwisho ya kulipia hosteli iliyokuwa imepita miezi 12. Wapo waliokata tamaa nyumbani wakidhani wamechelewa. Ukurasa wa tovuti ukikosea unaurekebisha. Sauti ikishatoka haina wa kuirudisha, inasafiri kwa miguu yake. Toka hapo hatutaji tarehe wala kiasi cha fedha ndani ya sauti yoyote. Tarakimu zote huenda kwa ujumbe mfupi, na kila sauti huanza kwa kutaja mwaka. Tulijifunza pia kwamba namba ya msaada isipokuwa na zamu, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeishika atapigiwa saa nane usiku na mama wa Mpanda anayetaka tu kujua kama mwanawe amekula. Wa kwanza kuishika alivumilia wiki moja, akaja ofisini kwangu macho mekundu, akaiweka simu mezani kama mtu anayerudisha funguo. Sasa wako wanne, wanapokezana, na vocha inalipwa na ofisi.

Blanketi ni habari ya kipekee. Kwa kusema kweli mwezi wa kumi Mbeya haina baridi ya kutisha. Baridi yenyewe ni Juni na Julai. Lakini mtoto wa Mtwara au Lindi aliyeshuka na shuka moja hawezi kungoja Juni ndipo aelewe. Tukaongeza sentensi moja: njoo na blanketi, hata kama kwenu watakucheka. Mama mmoja anayeuza mitumba Mwanjelwa ameshanilalamikia kwamba biashara yake ya Novemba imedorora.

Kijana wa Tunduma alipiga simu mwaka jana kabla hatujawa tayari. "Mwalimu, shikamoo. Sauti ya mwaka huu bado? Watoto wameshaanza kuja, wananiuliza." Nikamwambia tunarekodi siku hiyohiyo.

Huwa tunarekodia stoo ya hosteli, katikati ya magodoro yaliyorundikwa hadi darini, maana yanameza mwangwi. Msichana wa Mtwara, sasa mwaka wa pili, alikaa juu ya magodoro matatu, simu mkononi, hakutaka karatasi. Akakohoa kidogo. "Karibu, mwenzangu. Ukishuka Nane Nane usikimbilie bajaji. Kwanza, choo kiko..." Hapo mvua ikaangukia bati. Ilikuwa ya kwanza, iliyowahi, nzito, na stoo nzima ikawa kama ndani ya ngoma. Alinitazama, akaongea kitu, sikusikia. Nikamwonyesha kwa mkono azime simu. Tukakaa pale juu ya magodoro, mimi na yeye, tukisubiri ipite.